TUTOE ILE VERNI KU MOTERI

Bandugu wanafunzi, Bwana Prefe, nanyi Ba-Profesa ambao munasomaka makaratasi yetu hata wakati wino imepauka,

Mu trimestri iliyopita sisi ma-kapita tuliandika sheria moja. Hakuna mukubwa aliyetulazimisha. Tuliipiga ku mashini sisi wenyewe, tukaitundika ku mlango wa sale ya fizika: moteri ya kila motokari ya mashindano itatiwa verni nyekundu ya makucha pale inapofungukia, na yule ambaye verni yake itaonekana imepasuka, atatoka mu mashindano na ushindi wake utafutwa. Leo tunakuja mbele yenu kusema kama ile sheria ni mbaya. Tunaomba iondolewe. Na kwa kuwa ni sisi tulioileta, inafaa tuwe sisi wa kwanza kueleza juu ya nini tumegeuka.

Kwa wale walioingia masomo mwaka huu, tuseme kwanza mchezo wenyewe. Kila mutoto wa Lubumbashi alikuwaka na motokari ya waya: shasi ya waya, karoseri ya kopo la sardini, magurudumu yaliyokatwa mu sapato za zamani, na fimbo ndefu ya kuiongozea ukikimbia nyuma yake. Sasa ku soko la Kenya na mu maduka ya mjini kunauzwa motokari za plastiki zenye telekomande, zinatoka China. Zikivunjika, watu wanazitupa. Vijana wa masomo yetu walianza kuzikusanya, wakatoa moteri na kile kisanduku cha kupokea redio, wakavifunga ku shasi ya waya. Ndivyo mbio za siku ya posho zilivyozaliwa, ku uwanja wa basiketi, mistari ya choki, dakika 5 ku saa ya mkono. Anayefanya duru nyingi ndiye anashinda. Kuko wanaokuja na motokari mpya kutoka dukani, kuko wanaokuja na waya. Wote wanaandikwa.

Na ile sheria ilitoka wapi? Ilitoka mu woga. Munakumbuka wakati mtu alikata waya wa kengele ya umeme usiku, na kwa wiki mbili tukaita watu ku darasa kwa kupiga kipande cha reli. Mu muji huu kila mutu anajua maana ya waya wa shaba kukatwa. Kabele ya SNEL ikiibwa, avenyu nzima inalala mu giza, mulini wa unga unasimama, na wamama wanabeba mahindi ku kichwa kutafuta mulini mwingine mbali. Basi siku ile waya wa kengele ulipopotea, sauti zilianza: "Ni bale ba motokari. Njo bo beko banatafuta shaba ya kubobina." Tuliogopa mashindano yote yatafungwa. Tukaandika sheria haraka ili kuonyesha wakubwa kama sisi tunalinda masomo. Moteri ikiwa na verni, hakuna wa kuifungua, hakuna wa kutafuta waya.

Hatukufikiri hata dakika moja kama waya wa kengele unaweza kuingia mu moteri ya mchezo. Hauwezi. Ni munene, umevikwa plastiki, na mizunguko kumi tu ingejaza nafasi yote. Waya wa moteri ni mwembamba sawa unywele wa farasi, na umepakwa emaye nyembamba sana ili mizunguko isigusane. Mwanafunzi yeyote wa mwaka wa pili aliyefungua moteri moja angetuambia. Hatukuuliza.

Kisha ikaja siku ya posho ile. Kijana mmoja wa mwaka wa nne, mwenye motokari ya waya, alishinda kwa duru tatu zaidi ya yule wa pili. Alikuwa ameshinda pia wiki iliyotangulia. Wale wenye motokari za dukani walipiga kelele: "Eko na moteri ya kubobina! Anatuibia!" Tulikwenda kuangalia. Verni ilikuwa imepasuka. Tulifuta majina yake mara mbili mu kaye, mbele ya watu, tukachukua moteri. Yeye hakupigana. Aliuliza paka neno moja: "Kapita, niliiba kwa nani?"

Tulijibu: "Sheria ni sheria." Jibu lile limetukaa mu koo tangu siku ile.

Baadaye tulimwomba atueleze kazi aliyofanya, na tunataka muisikie, juu ile kazi ndiyo hoja yetu yote. Mu moteri ndogo ya umeme muko vitu vichache. Kuko ganda la chuma na sumaku mbili ndani yake. Katikati kuko rotori yenye meno matatu, kila jino limeviringishiwa waya wa shaba. Mwisho wa muhimili kuko kolekteri, na juu ya kolekteri kunagusa makala mbili zinazoleta umeme (mafundi wanaziita makala, hata kama mu moteri ndogo saa ingine ni ulimi mwembamba wa shaba tu). Mwenye kutaka mbio anapunguza mizunguko ya waya. Inaonekana sawa kichekesho, kuondoa shaba ili kukimbia zaidi. Lakini moteri ikizunguka, inazaa umeme wake yenyewe wenye kupinga ule wa batiri, na mbio zinasimama kupanda pale hivi viwili vinapokaribia kulingana. Mizunguko ikiwa michache, ule upinzani unazaliwa kidogo kidogo, basi rotori inapata ruhusa ya kukimbia zaidi mbele ya kuzuiwa.

Kijana yule alifungua moteri kwa kisu, akafumua jino moja na kuhesabu: mizunguko 72. Akarudisha 50, kwa waya munene kidogo. Gawanya 72 kwa 50, utaona mbio za moteri isiyo na mzigo zinapanda karibu mara moja na nusu. Ni vizuri, lakini kuko bei yake. Multimetri ya sale ya fizika ilionyesha omu 1,6 mbele ya kazi na omu 0,8 nyuma. Maana yake wakati wa kuondoka, rotori ingali imesimama, moteri inataka kuvuta umeme mara mbili. Batiri inachoka, waya unachomeka, emaye inanuka. Yeye aliliona hilo. Alibadilisha pinyo ya meno 12 akaweka ya meno 10, ili moteri isibebeshwe mzigo munene pale mwanzo. Kila nyuma ya mbio aliweka kidole ku ganda na kuhesabu mpaka kumi; kama kidole hakivumilii, alijua amepita kipimo. Yote aliandika mu kaye: tarehe, mizunguko, omu, duru ngapi. Sisi wa mwaka wa mwisho tuliosoma umeme miaka mingi, hakuna hata mmoja wetu aliye na kaye ya namna ile.

Alijifunza wapi? Mu likizo, ku atelie ya fundi mmoja wa bobinaji kule Katuba. Munazijua atelie zile, zenye moteri za mulini na pompo za maji zimepangwa chini sawa maboga. Umeme wetu unapanda na kushuka, moteri zinaungua, na fundi anazirudishia uzima. Mbele ya kukata waya ulioungua anahesabu mizunguko, anapima unene, anaandika. Akikosea hesabu, mulini unaungua tena na mwenye mulini anarudi na hasira. Hiyo ndiyo masomo kijana alileta ku uwanja wetu wa basiketi, na sisi tukamwandikia "mwizi" bila kuandika ile neno.

Sasa tusikie upande mwingine, juu uko na nguvu. Wanasema: dunia nzima inafunga moteri, ninyi munataka kuwa nani? Ni kweli. Mbio za motokari za redio ziko na wenyewe tangu zamani. Marekani kuko chama kinaitwa ROAR, kilianza 1967. Mwaka 1976 Tamiya ya Japani ilitoa Porsche 934 ya umeme yenye moteri ya Mabuchi ya aina ya 540, na watu wengi wakaingia mu mchezo. Wenye pesa walianza kununua moteri zilizobobinwa na mafundi wakubwa, mpya kila mara. Ili mutu wa kawaida asikate tamaa, ikawekwa daraja ya moteri iliyofungwa: mizunguko 27, ganda lisilofunguliwa, pembe ya makala haigeuzwi. Na leo moteri nyingi za mbio hazina makala tena, umeme unapangwa na kompyuta ndogo, lakini daraja zile ziko bado: mizunguko 17,5 au 21,5, wanapima omu, wanapima sumaku, na kompyuta inakatazwa kusukuma pembe mbele.

Angalieni lakini sababu. Kule walifunga moteri ili pesa isishinde mikono. Na hata hivyo pesa ilipata njia: kuko waliokuwa wakinunua moteri nyingi zilizofungwa, wanazipima moja moja, wanabakiza ile yenye mbio, ingine wanauza. Hapa kwetu tulichukua dawa yao bila kuwa na ugonjwa wao. Ku uwanja wetu mwenye pesa ananunua motokari yenye mbio tayari, imefungwa kiwandani, verni yake haipasuki kamwe. Asiye na pesa ana mikono, na verni yetu ilifunga mikono. Sheria ile ilikuwa ukuta wa kulinda duka.

Kuko neno lingine linatuuma, na litaonekana mbali kidogo na mashindano. Shaba ya rotori ile, sisi ni watoto wake. Mu metali zote ni feza peke yake inayopitisha umeme vizuri kupita shaba, na muji huu ulijengwa juu ya shaba: uliitwa Élisabethville ulipoanza 1910, tanuri za kuyeyusha ziliwashwa 1911, na jimbo lenyewe liliitwa Shaba kutoka 1971 mpaka 1997. Lile lima jeusi la mabaki tunaliona kila asubuhi tukija masomo. Na sumaku? Profesa wa fizika alitueleza habari ambayo hatukuijua. Zamani sumaku nzuri, za moteri na za spika za redio, zilitengenezwa kwa alniko, yaani aluminyumu, nikeli na kobalti, pamoja na chuma. Mu mwezi wa tano 1978 vita iliingia Kolwezi. Kobalti nyingi ya dunia ilitoka huko, bei ikapanda sana, na wenye viwanda vya spika wakakimbilia sumaku za ferite, ambazo hazina kobalti. Wazee wetu walikuwa wanakimbia risasi Kolwezi, na upande mwingine wa dunia mutu alikuwa anabadilisha sumaku ya spika. Leo zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka mu inchi yetu, na inaingia mu batiri. Inatoka ku udongo huu, inazunguka dunia, inarudi ku soko la Kenya ndani ya kichezo cha plastiki. Na wakati mutoto mmoja wa hapa anafungua kile kichezo ili aone ndani, sisi ma-kapita tunamwendea na verni ya makucha!

Tusiseme kama kila aliyebobina alifaulu. Dada mmoja wa mwaka wa tatu alibobina moteri yake, motokari ikaruka-ruka sawa mbuzi na kupoteza gurudumu. Tulicheka. Yeye hakucheka, alifumua na kuhesabu: jino moja lilikuwa na mizunguko 46, mengine 50. Rotori haikuwa na usawa, ilitetemeka. Alirudia mara tatu, waya ulikatika kila mara, mpaka alipoacha kuvuta kwa nguvu. Mwingine aligeuza kile kifuniko cha nyuma chenye makala ili kusukuma pembe mbele. Motokari ilikwenda mbio kweli, lakini kolekteri ilitoa cheche na wakati wa kurudi nyuma ilitambaa sawa kinyonga. Hivyo ndivyo watu wanavyojifunza, na hakuna aliyeumia.

Pale panapoumiza ni batiri, na hapo hatutaki huruma. Kuko waliotoa batiri za litiyumu mu simu na ordinateri zilizokufa, wakazifunga mbili mbili kupata volti 7,4, bila kitu cha kuzilinda. Moja ilivimba na kutoa moshi ndani ya sakoshi, saa ya etude, ku dortuari. Tuliizima kwa mchanga wa ndoo. Mungu alisaidia, haikuwa usiku. Wakati ule sheria yetu ilikuwa inaangalia verni ku moteri na haikusema hata neno moja juu ya batiri. Tulilinda kisichochoma, tukaacha kinachochoma.

Kwa hiyo tunaleta mapendekezo mapya. Moteri iwe huru: mwenye kutaka kufungua afungue, abobine, ageuze pembe, abadilishe pinyo. Batiri ndiyo ifungwe: mawe manne ya tochi ya ukubwa wa kidole, au batiri nne za kuchaji za ukubwa ule ule, kwa wote, tajiri na maskini. Litiyumu haitaingia uwanjani wala dortuari. Tulijaribu na Profesa, na tuliona kama batiri yenyewe inakuwa hakimu: aliyepunguza mizunguko mpaka 30 anaruka mbele ya wote mu dakika ya kwanza, na mu dakika ya nne motokari yake inatembea sawa mzee. Kijana wa mizunguko 50 anampita bila haraka.

Na kila moteri iliyoguswa iwe na karatasi: mizunguko mingapi, omu ngapi, na waya ulitoka wapi. Kwa hili la mwisho tutakuwa wakali. Waya wa kutoa mu transfo ya redio iliyokufa, sawa. Waya uliopewa na fundi wa bobinaji, sawa, aandike ni atelie ya wapi. Waya usio na baba haingii. Karatasi itatundikwa wazi ku sale ya fizika, kila mutu asome, hata yule atakayeshindana naye. Rafiki mmoja alituuliza: "Sasa siri yangu itabaki wapi?" Haitabaki. Anayetaka siri atafute mchezo mwingine.

Wenye motokari za dukani wametuambia kama hii itawaua. Hatuamini. Nao wana vidole, na moteri yao inafunguka kwa kisu kile kile. Mmoja wao ameshaanza, tunamjua, alikuja jioni kuuliza waya unapatikana wapi, na alituomba tusiseme jina.

Sisi mu mwezi wa sita tunafanya Egzameni ya Leta, na kisha tunatoka. Hatupendi kutoka tukiacha ile karatasi ku mlango na majina yetu chini yake. Siku ya ine, saa nane, komite ya michezo inakutana ku sale ya fizika mbele ya Bwana Prefe na Profesa wa fizika. Kila darasa litume mutu mmoja, na wale wa motokari waje wote. Neno la kwanza tutakaloomba ni kurudishwa kwa ushindi wa zile siku mbili za posho mu kaye, kwa jina lake, kwa wino ile ile.

Moteri yenyewe ingali mu armware ya Bwana Direkteri wa Disiplini, ndani ya bahasha, na verni yake iliyopasuka. Tumekwisha kuomba ufunguo.

Sisi, ma-kapita wa mwaka wa mwisho